Kiti cha Mfiwa

Asubuhi ya pili ya kungoja gari kwenye parkingi ya mabasi ya Gitega, Burundi, Letisia alianza kuwaonea wivu wagonjwa.

Mafuta yalikuwa haba mjini, kama yalivyokuwa haba kwa muda mrefu, na basi la kwenda Muyinga lilipatikana kwa bahati tu, pale mwenye gari mmoja alipofanikiwa kujaza tangi. Likipatikana, Nazario msimamizi wa parkingi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa na sheria yake: wagonjwa kwanza, wenye msiba wafuate, wengine wote kwa mstari. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeipinga. Watu walisogea wenyewe kumpisha mama aliyebeba mtoto mwenye homa, au kijana aliyetoka kupokea habari mbaya kwa simu. Hakuna aliyedai ushahidi. Nani angethubutu?

Letisia hakuwa mgonjwa wala hakuwa na msiba. Alikuwa mkulima wa Gishubi, mwanamke mwenye afya njema na watoto watatu, na safari yake ilikuwa ya furaha. Jumamosi, yaani kesho yake, mdogo wake Happy alikuwa anatolewa mahari huko Muyinga, nyumbani kwa mama yao Jeska. Ndani ya mkoba Letisia alikuwa amekunja imvutano yake, vazi la sherehe la kujitanda, ya rangi ya machungwa, ile ambayo wanawake wote wa upande wa bibi harusi walikubaliana kuvaa.

Asingekuwa na haraka kiasi hicho kama si maneno ya Krismasi. Siku ile, mbele ya wageni, alimwambia Happy kwamba wengine huolewa kwa magari na mapambo wakati wengine waliolewa kambini, ukimbizini Tanzania, kwa sahani ya wali na sala fupi. Alisema kama utani, lakini utani ulikuwa na mwiba, na Happy aliinuka akaenda kulia jikoni. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa ujumbe wa simu tu. Letisia alijua kwamba asipoonekana Jumamosi, hakuna atakayelaumu mafuta. Watasema dada mkubwa amenuna.

Kwenye mstari ule alikuwapo pia kijana wa redio aitwaye Audax, amevaa fulana ya kijani na kushika kinasa sauti kidogo. Alikuwa akikusanya maoni ya abiria juu ya mabasi ya mikoani na juu ya reli inayosemwa kuja kutoka Tanzania. Watu walikuwa na muda wa kumjibu, maana walikuwa na muda wa kila kitu. Mwalimu mmoja alisema treni ikifika, hawa wenye mabasi watajifunza adabu. Mama muuza dagaa akasema treni ni nzuri kuitazama, ila yeye anataka mafuta leo, si reli ya wajukuu. Mbele ya Letisia alisimama mzee wa Itaba aitwaye Kastori, mwembamba, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Kama Letisia, naye alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi na wakimbizi wa mwisho. Alimwambia Audax kwamba treni haina huruma. Dereva wa basi unaweza kumbembeleza akakungoja, lakini treni ikipiga honi imekwisha, hata ukilia. Watu wakacheka, na mzee akafurahi kuwachekesha.

Kisha basi likaja.

Mstari ulivunjika na kujipanga upya kama kundi la siafu waliokanyagwa. Nazario alisimama mlangoni na mikono yake mipana. Akaingia mgonjwa wa figo na mkewe. Akaingia kijana mmoja aliyesema anakwenda kumzika babu yake, na watu wakampisha wakimpa pole. Halafu mstari ukaanza kuingia mmoja mmoja. Letisia, kwa kuhesabu vichwa, aliona viti vitakwisha kabla ya kumfikia. Akaona vikipungua. Mzee Kastori akapanda, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na Nazario akainua mkono kuonyesha gari limejaa.

Hapo ndipo Letisia alipojikuta amemshika Nazario mkono wa shati.

“Nimefiwa,” alisema.

Nazario alimtazama. Si kwa kumshuku. Alimtazama kama anayejilaumu. “We mama, na ulikuwa unanyamaza tangu jana? Ni nani amekufa?”

Letisia hakuwa ametayarisha jibu. Angeweza kutaja shangazi, au mjomba wa mbali, au mtu yeyote aliyekwisha kufa kweli. Lakini tangu alfajiri kichwa chake kilikuwa kimejaa mama yake, sufuria za mama yake, uso wa mama yake atakapoona nafasi ya binti mkubwa iko wazi.

“Mama,” alisema. “Ni mama yangu.”

Watu waliokuwa nyuma yake wakishindana kwa viwiko wakaacha kusukumana. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Na kabla Nazario hajasema lolote, mzee Kastori alikuwa ameshainuka, anashuka ngazi taratibu, kikapu chake mkononi.

“Panda, binti yangu,” alisema. “Mama hazikwi mara mbili. Safari yangu inaweza kungoja.”

Letisia alitaka kusema hapana. Neno lilifika kwenye meno likaishia hapo. Alipanda akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mzee.

Audax alikuja mlangoni na kinasa sauti chake, uso umelegea kwa huruma. Alimwomba radhi, akasema hataki kumsumbua mfiwa, lakini watu wakubwa wanapaswa kusikia ukosefu wa magari unawafanya nini raia. Basi zima lilikuwa linamtazama Letisia. Aliona kwamba kukataa kungeonekana ajabu, na kusema kweli sasa ilikuwa kama kuruka kutoka gari linalokimbia. Basi akasema. Na alisema vizuri, maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na alikuwa amezoea kuwasemea wenzake kwa wageni. Alitaja jina lake na la mama yake, akasema anakwenda kumzika, akasema kama si mzee mmoja mwema asiyemjua, angezikiwa mama yake naye yuko parkingini. Alipomaliza, abiria wawili walikuwa wanafuta machozi.

Njiani walimwimbia. Ilianza na mwanamke mmoja nyuma, kwa sauti ya chini, wimbo wa kanisani wa kumsindikiza marehemu, na wengine wakapokea, Wakatoliki na Waprotestanti, hata Waislamu wawili wa Muyinga wakainamisha vichwa. Jirani yake kwenye kiti, mama wa makamo aitwaye Christina aliyekuwa akishukia Karuzi, alifungua kitenge chake kiunoni akamfunika mabegani, akakataa kurudishiwa. Letisia alilia. Alilia sana, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kuimba.

Walipofika Muyinga, baadhi ya abiria walitaka kumsindikiza hadi nyumbani kwenye msiba. Aliwadanganya tena kwamba kaka yake anakuja na pikipiki, akaingia sokoni haraka, akapita katikati ya vibanda vya nguo kama mwizi, hadi alipohakikisha hakuna anayemfuata.

Jeska alikuwa uani akichambua mchele. Alipomwona alisimama akafungua mikono, na Letisia akamkumbatia kwa nguvu mno, akamshika mashavu, akamtazama. Jeska akacheka, akauliza kama alidhani atamkuta amekuwa kijana. Kisha akauliza kitenge kile ni cha nani, maana hakikuwa cha ladha yake. Letisia akasema alipewa na mtu kwenye gari. Ilikuwa kweli, na bado ilimchoma.

Happy alitoka ndani. Alisimama mlangoni akasema, “Umekuja,” na Letisia akasema, “Ningekosaje?” Wakakumbatiana. Jioni ile walisuka nywele pamoja, wakataja Krismasi kwa kuizunguka, wakasameheana bila kutamka neno hilo. Letisia alipolala alijiambia kwamba lile jambo limeishia barabarani. Nani Muyinga husikiliza maoni ya abiria?

Wanawake wamenyao ndizi husikiliza.

Asubuhi ya Jumamosi ua ulikuwa umejaa majirani wenye visu, na redio ndogo ya Jeska ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kulikuwa na Shakila, mke wa mshona nguo wa nyumba ya pili, Mwislamu aliyekuja tangu mapema kusimamia pilau. Kulikuwa na wanawake wa kanisani, na binamu, na Happy mwenyewe aliyekatazwa kufanya kazi lakini hakutulia. Redio ikasema ni zamu ya abiria. Mwalimu akasema lake juu ya treni. Mama wa dagaa akasema lake. Sauti ya mzee Kastori ikasema treni haina huruma, na wanawake wakacheka pale pale walipocheka watu wa parkingi. Letisia alikuwa amebeba maji. Aliiweka ndoo chini.

Sauti yake ikaanza.

“Eh! Huyu si Leti?” alisema Shakila, na uso wake ukachanua. “Leti iko kwenye redio! Ongeza sauti, batu basikie.”

Wakaongeza sauti. Wakasogea. Jeska mwenyewe aliinua kidevu, na kwa muda mfupi sana Letisia aliona fahari kwenye uso wa mama yake, fahari ya mzazi anayesikia mwanawe akisema kwa ufasaha mbele ya nchi nzima. Kisha redio ikasema, kwa sauti yake mwenyewe iliyojaa majonzi, kwamba anakwenda Muyinga kumzika mama yake mzazi, Jeska.

Visu vilisimama. Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Letisia alisikia habari nzima hadi mwisho, yule mzee mwema, yale maziko aliyokaribia kuyakosa, na hakukuwa na mahali pa kuficha uso kwenye ua ule mdogo uliojaa macho. Shakila alinong'ona dua kwa Kiarabu akajipangusa uso.

Jeska hakuzima redio. Alichukua ndizi nyingine kutoka kwenye mkungu.

“Endeleeni kumenya,” aliwaambia wanawake. “Wageni wanakuja.”

Hakumsemesha Letisia. Ila Happy alimfuata nyuma ya nyumba, alikokwenda kujibanza karibu na kuni.

“Kwa nini umtaje mama?” Happy aliuliza.

Letisia akaanza kueleza mstari, na mafuta, na jinsi alivyoogopa kukosa siku yake, jinsi alivyofanya yote kwa ajili yake.

“Usinisingizie mimi,” Happy alisema. “Nilikuwa nimeshakubali kwamba unaweza kukosa. Mama alisema gari zikikosekana tutakupigia simu usikie nyimbo. Hukunitafutia mimi kiti. Ulikuwa unaogopa watu watasema nini juu yako.”

Alirudi ndani kuvishwa. Letisia alibaki ameshika gogo la mkaratusi, na alijua kwamba mdogo wake amesema kweli.

Simu zilianza kulia. Ndugu wa mbali walimpigia kaka yao Bonifasi wakilia, naye ikambidi awaeleze mmoja baada ya mwingine kwamba mama yuko hai, anakaanga vitunguu. Wakwe nao walipiga wakiwa njiani, wakiuliza kwa woga kama warudi. Bonifasi akawaambia waje. Alipokata simu alimpita dada yake bila kumtazama.

Wakwe walifika na vinywaji vyao, na shughuli ikaenda kama inavyopaswa kwenda. Msemaji wao alikuwa bingwa wa maneno, kama wasemaji wote wanaochaguliwa kwa kazi hiyo. Alizunguka na mafumbo ya ng'ombe na majani mabichi, kisha akasema wao ni watu wenye baraka, maana wametoka nyumbani wakiambiwa mama mkwe amekufa, wakafika wakamkuta amefufuka na pilau limeiva. Hema zima liliangua kicheko. Hata wazee walipiga magoti yao kwa furaha. Jeska alitabasamu kwa heshima ya wageni. Happy, chini ya mapambo yake, alikuwa anatazama mikono yake. Letisia alisimama kwenye safu ya wanawake waliovaa rangi ya machungwa, wote sare, na hakuna mgeni aliyehitaji kuonyeshwa ni yupi, maana ndiye pekee ambaye hakujua uso wake aufanye nini.

Watu walikuwa wakila wakati mtoto wa jirani alipomleta mgeni mmoja mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, vumbi jekundu limemfika magotini. Mkono mmoja ulishika kikapu, mwingine kidumu kidogo cha urwarwa, pombe ya ndizi. Alisikia ngoma, akaona mapambo, akasita. Alidhani amekosea nyumba. Jeska ndiye aliyekuwa karibu na mlango, akaenda kumpokea.

“Nisamehe, mama,” mzee Kastori alisema. “Natafuta nyumba yenye msiba. Nyumba ya Letisia wa Gishubi, aliyefiwa na mama yake. Wamenielekeza hapa, labda hawakunielewa.”

“Wamekuelewa,” alisema Jeska. “Ni hapa. Karibu.”

Alimchukua hadi chumba cha nyuma, mbali na masikio ya wakwe, akamketisha, akampokea kidumu kwa mikono miwili kama inavyostahili. Kisha akatoka akamwita Letisia. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu asubuhi.

“Njoo umweleze mgeni wako ni nani amekufa.”

Letisia aliingia akapiga magoti sakafuni. Hakuwaza kupiga magoti, miguu ndiyo iliyofanya. Mzee aliinuka nusu ampe mkono wa pole, na yeye hakuweza kuupokea.

“Hakuna aliyefariki, baba,” alisema. “Nilidanganya ili nipate gari. Nilikuwa nakuja kwenye mahari ya mdogo wangu. Mama yangu ni huyu.”

Kastori alimtazama, akamtazama Jeska aliyesimama na aproni yenye mafuta, akarudi kumtazama Letisia. Kule nje watu waliimba.

“Mama ni wewe?” aliuliza hatimaye.

“Ni mimi,” alisema Jeska.

Mzee alivua kofia yake. “Basi Mungu ashukuriwe,” alisema.

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, Letisia angekuwa na kitu cha kushika. Alisema kama mtu aliyebeba mzigo wa huzuni ya wengine njia nzima na sasa ameambiwa autue. Aliketi tena, akaomba maji, akanywa.

Jeska ndiye aliyemuuliza safari yake ilikuwa ya nini. Kastori akaeleza bila kukuza. Alipata lori la mahindi baada ya basi lile kuondoka, lakini liliharibika njiani, akalala kwenye gari, akafika Muyinga asubuhi. Alikuwa amekuja kumuaga mwanawe Longino. Kijana alikuwa anavuka mpaka na wenzake kwenda kutafuta vibarua Tanzania. Walikuwa hawajazungumza vizuri kwa muda mrefu, mambo ya shamba la nyumbani, na kijana alituma ujumbe kwa mtu kwamba atalala Muyinga usiku wa Ijumaa, baba akitaka waonane waonane. Simu yake alikuwa ameshaiuza kwa ajili ya safari. Mzee alikwenda hadi pale alipolala, akaambiwa walipanda gari la Kobero, mpakani, kabla ya jua.

“Alikuulizia hadi saa ngapi?” Jeska aliuliza kwa sauti ndogo.

“Mwenye nyumba anasema aliniulizia hadi wakati wa kupanda. Alikuwa ananingoja barabarani.” Mzee alikunja kofia yake mapajani. “Sasa nikasema, kwa kuwa nimeshafika, na yule binti alifiwa, nisirudi Itaba bila kumpa pole. Ningejisikia vibaya.”

Letisia aliinamisha paji la uso hadi likagusa saruji. Alisema nisamehe, akasema tena, hadi neno likakosa ladha. Kastori alimwambia ainuke, nguo yake nzuri inachafuka. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Alikula chakula alicholetewa, kidogo kidogo, akamsifu Jeska kwa pilau, na Jeska akamwambia la kusifiwa ni Shakila. Kisha akasema anataka kutafuta gari kabla ya giza. Bonifasi alimpeleka parkingi kwa pikipiki. Kidumu cha urwarwa alikiacha, maana kilichopelekwa msibani hakirudi na aliyekileta, hata kama msiba haupo.

Jumapili Letisia alimtafuta Audax kwa simu. Namba ya redio ilitangazwa, na kijana alipokea mwenyewe. Alimwambia ukweli wote na akaomba arudi hewani aseme. Audax hakumtukana. Alisema kwa taratibu kwamba baada ya sauti yake watu wengi walipiga simu. Baba mmoja alimkosa mwanawe hospitalini kwa kukosa gari. Mama mmoja alijifungulia kando ya barabara. Na habari ile imewafikia watu wanaohusika, na kuna waliotamka kwamba litaongezwa gari moja la Muyinga. Yeye akitangaza leo kwamba kisa cha kwanza kilikuwa cha uongo, wale waliosema kweli watasemwaje? Akamwomba ampe siku za kufikiri. Letisia alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Alikuwa ametegemea kuaibishwa mbele ya watu wote ili aone imekwisha, na hata hilo alikuwa amenyimwa.

Jumatatu mama yake alimsindikiza parkingi. Njiani Jeska alijibu salamu za majirani waliokuwa wakimgusa mkono na kumtania kwamba ni mzuka. Kwenye mstari alisimama naye hadi gari lilipoanza kujaa. Ndipo akasema.

“Sikukasirika kwa kuniua. Mimi nimekwisha kuwa mzee, kufa kwangu kuko karibu, kunatajika. Lakini siku nitakapokufa kweli, Leti, na gari hakuna, utasimama mlangoni useme nini?”

Mama yake hakungoja jibu. Alimfunga vizuri kitambaa kichwani kama alipokuwa mtoto, akaondoka.

Ndani ya basi, kabla hawajaziacha hata nyumba za mwisho za Muyinga, maoni ya abiria yalianza upya. Mmoja alisema reli ikija tutapumua, mwingine akasema reli ni ndoto ya watu walioshiba. Kijana mmoja wa sokoni, aitwaye Husni, alisema hakuna haja ya kubishana, wote wamemsikia yule mama wa Gishubi aliyekaribia kukosa maziko ya mzazi wake.

“Kama ile haitabafikirisha bakubwa,” alisema, “hakuna kitu itabafikirisha.”

Watu wakaitikia. Mwanamke aliyekaa kando ya Letisia akasema alilia aliposikia. Kisha Husni, kwa upole tu, akamgeukia Letisia aliyekaa karibu na dirisha. “Na we mama, unaonaje? Hii mambo ya magari?”

Angeweza kusema lolote. Hakuna aliyemjua uso.

“Yule mzazi hakufa,” alisema Letisia. “Mimi ndiye niliyesema kwenye redio. Nilidanganya ili nipewe kiti.”

Husni alimtazama kama mtu aliyeshikishwa kitu kichafu bila kutaka, akageuka mbele. Mwanamke aliyelia alitoa mkoba wake uliokuwa kati yao, akauweka mapajani, akaukumbatia. Mtu mmoja nyuma alisema kwa Kirundi kwamba ndiyo maana wakubwa hawawasikilizi, na hakuna aliyembishia. Hakuna aliyetaja tena treni wala mabasi.

Walikuwa wamekaribia Karuzi wakati bibi mmoja wa kiti cha mbele alipogeuza shingo.

“Na yule mzee aliyekupisha,” aliuliza, “alifika alikokuwa anakwenda?”

“Alifika,” alisema Letisia. “Alichelewa.”

Bibi alitikisa kichwa, akageuka tena mbele, na gari likaendelea kushuka.